Haisomeki

Weka tena, mama, namwambia.
Anaweka.
Mashine inalia kama kinda la kuku,
na kwenye kioo neno lilelile: haisomeki.

Hii ni mara ya nne. Foleni imefika vyooni,
mtu anauliza kwa sauti kama humu darasani
tunapiga kura au tunapiga usingizi.

Mimi ni mtoto wa Barani, Malindi mjini.
Nimepewa kizibao cha karani na mafunzo ya siku tatu:
kuwasha, kuzima, kuchaji,
kusema "weka tena" bila kukunja uso.
Sikufundishwa chumvi.

Anafuta mikono kwenye leso, ananionyesha.
Viganja vimepasuka mistari,
lakini siyo mistari inayotakiwa na serikali.
Ncha za vidole zimelainika
kama sabuni iliyobaki kipande.

"Miaka kumi na tisa nakokota chumvi hapa Gongoni.
Gambuti wanatupa Januari, Februari zimetoboka.
Ilianza ngozi, zikafuata kucha.
Hizo alama mnazozitafuta
kazitafuteni kwenye sufuria zenu."

Watu wanacheka. Mimi nacheka nusu,
maana alfajiri mama alinichemshia mayai mawili
na niliyala kwa chumvi.

Kitambulisho anacho. Mbeyu Tsofa Ngowa,
kuzaliwa Marereni, tarehe ya kukisia,
na alama ya kidole cha usichana wake,
imezunguka vizuri kama kitako cha kitunga.
Nakitazama kidole cha kwenye kadi,
nakitazama cha mezani.
Mashine nayo ina haki yake:
hawa si mtu mmoja.

Katiba yetu inaanza na neno sisi.
Darasa la saba tulikaririshwa, kwa fimbo.
Sikumbuki mahali iliposema
sisi wenye vidole.

Msimamizi anakuja na fomu. Mawakala waitwe, washuhudie.
Wakala wa kwanza anakohoa: atajuaje kama ndiye?
"We Kahindi," asema Mbeyu,
"nimekukogesha kwenye beseni mpaka ukajua kusimama,
leo hunijui?"
Kahindi anatia sahihi. Sahihi yake ndefu,
inakimbia nje ya kisanduku.

Palipoandikwa Sababu, niliandika: chumvi.
Msimamizi akakata, akaandika: hitilafu ya alama za vidole.
Hitilafu ya nani, hakuandika.

Karatasi sita, rangi sita.
Alikaa nyuma ya lile boksi muda mrefu,
nikiona miguu tu, na ndala moja iliyoshonwa kwa waya.
Sikujua anafanya nini huko.
Haikuwa kazi yangu kujua,
wala kazi ya Kahindi, wala ya mwenye mashamba ya chumvi,
na hilo ndilo jambo la kwanza
nililolipenda siku ile.

Wino haukumuuliza kitu.
Ulishika kidole cha mwisho cha kushoto,
ukaingia kwenye nyufa mpaka ndani,
ukachora pale ramani
ya nchi nisiyoifahamu.

Ijumaa nilimkuta stendi ananunua mihogo.
Kidole changu mimi bado cheusi, nakificha nikila,
eti wino wa mwezi mzima.
Chake kimeshatakata.

"Zamu tatu tu," akasema, "chumvi imekula mpaka kura."
Kisha, kana kwamba ananituma dukani:
"Mwambie mkubwa wako miaka mitano ijayo
nitakuja na kidole kingine.
Sijui nitakiazima kwa nani."

Akapokea chenji.
Akaihesabu kwa gumba, sarafu moja moja,
akaihesabu tena,
akamrudishia mwenye mihogo shilingi tano
alizomzidishia.